Kitenge Kwenye Kufuli la Kaunsili

Mghoi, mama,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimefunga biashara mapema ili nikuandikie kabla hujarudi. Nikingoja urudi tutaanza tena yale yale. Wewe utasema, mimi nitasema, halafu mmoja wetu ataubamiza mlango, na mlango wenyewe ni wa kupanga, bawaba zake zimeshatuchoka. Afadhali niandike. Karatasi angalau hainikati kauli.

Begi lako liko hapa kando ya kitanda, limejaa mpaka zipu inagoma. Sitakwambia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za kufunga dirisha mvua ikianza. Hayo nimeyasema wiki nzima hadi ukaniuliza kama nadhani unaenda vitani. Najua unakokwenda. Kesho asubuhi unapanda basi la kwenda magharibi, kwenye mji ambao mimi sijaukanyaga, ukakae nyuma ya meza katika ofisi ya zabuni ya kaunsili ya mji. Ofisi ya zabuni, jamani! Kati ya ofisi zote zilizoko Uganda hii.

Tangu barua ya kazi ilipofika umeniomba baraka zangu tena na tena, na kila mara nimesema hapana. Ukaniuliza kwa nini. Nikakujibu, "Nimesema hapana, basi." Jana ukaiweka pasi chini, ukanitazama, ukasema kwa sauti ya chini iliyoniuma kuliko kama ungenifokea: "Mama, wewe ni sawasawa na wale wa kaunsili. Unakataa, halafu husemi kwa nini."

Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo, na nguo zenyewe zilikuwa hazijakauka.

Maneno hayo yamenikaa kooni tangu jana. Ungeniita mkaidi, ningecheka. Ungeniita mshamba wa Voi, ningekurushia kandambili. Lakini kunifananisha na wale! Mimi niliyepanda na kushuka ngazi za korti mpaka magoti yakaanza kulia, nikidai kitu kimoja tu, waseme kwa nini. Ubaya wake ni kwamba umesema kweli. Basi leo nitakupa sababu, ila nivumilie, sitaweza kuisema kwa mkupuo mmoja. Itabidi nianzie kule kwenye stoo.

Ulikuwepo, najua. Lakini ulikuwa bado skuli, mengine tulikuambia nusu nusu, na mengine hukuambiwa kabisa kwa sababu tuliona aibu.

Tulikuwa wanawake watatu pale Kisenyi, upande wa kutokea kwenye paki ya teksi. Mimi na nguo zangu za mitumba. Mama Furaha na vitenge vyake, yule aliyekuja kutoka Bukavu na watoto na sufuria moja. Na Nnaalongo, ambaye kila mtu alimwita hivyo kwa sababu ya mapacha wake, akiuza nguo za watoto wachanga. Meza zetu zilipakana. Mvua ikija tulikuwa tunashika turubai moja, kila mmoja na pembe yake, huku tukiwatukana mafundi wa gereji waliokuwa wanamwaga oili chafu ikatiririka mpaka chini ya meza zetu. Sitaki kukudanganya kwamba ulikuwa wakati wa raha. Tulichoka. Lakini tulichoka pamoja, na nilikuwa sijui kwamba hilo nalo lina thamani yake.

Ndipo kaunsili ikatangaza kwamba inakodisha ile stoo yake ya zamani, ya matofali, chini ya kilima cha Old Kampala, walikokuwa wakiweka mafagio na matoroli. Atakaye alete bei yake ndani ya bahasha. Mghoi, tuliitamani stoo ile! Ilikuwa na paa lisilovuja, mlango wa chuma na bomba la maji nyuma. Nnaalongo alikuwa akipita pale kila jioni makusudi, akiitazama tu. Tukakusanya vyote tulivyokuwa navyo na vingine tusivyokuwa navyo, tukamlipa kijana wa kupiga chapa atujazie makaratasi, tukapeleka bahasha yetu.

Siku ya kufungua bahasha tulivaa nguo za kanisani. Ukumbini walijaa wanaume wa suti, na sisi watatu tukakaa nyuma tukibana mikoba magotini. Katibu wa kamati akawa anakata bahasha moja moja na kusoma bei kwa sauti, kila mtu asikie. Yetu ilikuwa ya mwisho. Alipoisoma ukumbi ukageuka kututazama, maana ilikuwa juu ya zote. Mama Furaha akapiga kigelegele. Katibu akainua macho, akasema, "Nnyabo, hapa si harusini." Hata wale wa suti wakacheka.

Sasa sikiliza kosa letu, kwa maana ni kosa ambalo mtu wa ofisini aliyesoma asingelifanya, na wewe ndiye uliyesoma.

Sisi watu wa mitumba tuna desturi yetu na umekulia ndani yake. Belo la mitumba linakatwa kamba, nguo zinamwagwa mafungu mafungu, tunazunguka. Unataja bei. Asipotokea wa kukuzidi, unavua kitambaa chako, cha kichwani au cha kiunoni, unakirusha juu ya fungu. Kikishatua, mambo yamekwisha. Mwenye belo hawezi kugeuka, hata aje mtu na gunia la pesa. Hakuna saini, hakuna muhuri. Tangu nimeingia kazi hii sijaona mtu akiinua kitambaa cha mwenzake.

Basi tulipotoka ukumbini Mama Furaha akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Dada, batu bote balisikia bei yetu. Ile nyumba njo yetu sasa." Nnaalongo akakubali kwa Kiganda chake, "Kale, twende tukaishike." Wala hatukubishana. Tukateremka moja kwa moja hadi stoo. Mama Furaha akakifungua kitenge chake cha kiunoni, kipya kabisa, cha manjano, kile chenye michoro ya macho, akakifunga kwenye kufuli. Nnaalongo akafunga kitambaa chake cha kichwa juu yake. Mimi nikafunga leso yangu. Tukakaza mafundo. Halafu tukashikana mikono mbele ya ule mlango tukaomba, na unamjua Mama Furaha akiomba, anafumba macho, anatikisika, ananena kwa lugha mpaka jasho linamtoka.

Askari wa kaunsili alikuwa langoni anatutazama, akauliza kwa Kiswahili chake kibovu: "Nyinyi mama, nafanya nini hapo?"

"Tunashika nyumba yetu," nikamjibu, nikiwa na furaha zangu.

Akarudi nyuma hatua kadhaa. Nilidhani ametuheshimu.

Wiki ile ile tukaziachia meza zetu. Ndiyo, kabla ya kupata karatasi yoyote. Mimi ya kwangu nilimpa mwanamke mmoja mgeni kwa mbwembwe zote, nikamwachia na turubai. Watu walinishauri nisubiri kidogo. Nikawaambia bei imesomwa hadharani, nasubiri nini? Loo, nikikumbuka kiburi changu siku ile natamani kujifunika shuka.

Mengine unayajua. Tangazo likabandikwa ubaoni: stoo imepewa mtu mwingine. Tulimkumbuka, bei yake tuliisikia kwa masikio yetu ukumbini, ilikuwa chini ya yetu mbali sana. Hapakuwa na maelezo. Nikaenda dirishani kuuliza. Kijana wa dirishani akasema, "Kamati ilimaliza kuamua, nnyabo." Nikasema, sawa, iliamua kwa nini? Akasema, "Kamati ilimaliza kuamua." Nikarudi tena, nikaambiwa mkubwa yuko semina. Nikarudi, mkubwa yuko kwenye msiba. Ukatuandikia barua kwa mwandiko wako ule mzuri, zikapokelewa, zikapigwa muhuri, zikanyamaziwa.

Mwanangu, nilikuwa nimezoea kunyimwa. Nilitoka Voi nikiwa msichana, nikamfuata baba yako na lori lake mpaka huku, akafa nikiwa bado najifunza kuhesabu kwa Kiganda. Nimenyimwa vyumba, nimenyimwa mikopo, nimenyimwa hata maji kwenye bomba la jirani. Unakunja uso, unaendelea. Safari hii nilishindwa kuendelea, na nilichelewa sana kuelewa ni kwa nini. Mtu asipokwambia sababu, unajitafutia mwenyewe, na mwenyewe hujihurumii. Asubuhi nilisema ni kwa kuwa mimi Mkenya. Mchana nikasema ni kwa kuwa Mama Furaha ni mkimbizi. Jioni nikasema ni kwa kuwa hatukumtia mtu kitu mfukoni, au kwa kuwa ni wanawake, au kwa kuwa tumenuka mitumba pale ukumbini. Nilianza kujinusa, Mghoi. Mtu mzima, najinusa kwapa kabla ya kuingia ofisini.

Ndipo tukapanda ngazi kwenda kwa yule wakili kijana, ofisi yake juu ya duka la vitambaa Old Kampala, feni haifanyi kazi. Alituonea huruma kwenye malipo lakini hakutudanganya. Akasema, "Korti haitawapa stoo. Korti itauliza kama hawa watu walikuwa na haki ya kukataa bei ya juu bila kusema neno." Mama Furaha alisikitika. Mimi nikamwambia wakili hilo hilo ndilo ninalolitaka. Na nilimaanisha. Stoo ilikuwa imeanza kunitoka moyoni. Kilichobaki ni lile swali.

Sitakusimulia kesi yote, uliketi kando yangu na sare zako za skuli ukininong'oneza Kiingereza chao kwa Kiswahili. Jaji anaumwa. Jaji amehamishwa. Faili halionekani. Faili limeonekana, wakili wa kaunsili haonekani. Kila mara nilikuwa nimewaandalia maneno yangu, nikarudi nayo nyumbani. Na zile hati zao za kiapo! Kwanza wakaapa kwamba makaratasi yetu yalipungua. Wakili wetu akaonyesha nakala zenye muhuri wao wenyewe. Wakaapa kwamba ni mpango wa mji. Mpango wenyewe haukupatikana. Mwishoni wakasema kaunsili hailazimiki kumweleza mtu. Sababu zote zilikuwa zimevaa tai, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli.

Nnaalongo alijitoa katikati. Alikuja jioni moja, akasimama mlangoni, akasema, "Mimi naacha, mniondoe kwenye kesi." Nikamwambia maneno ambayo nisingependa uyasikie, lakini uliyasikia, ulikuwa unamenya ndizi pale pale. Nikamwambia amenunuliwa. Akageuka akaondoka. Baadaye sana ndipo nikaja kusikia kwamba mumewe alikuwa amepooza upande mmoja, na yeye hakutaka kuja kutulilia. Mimi niliyekuwa nasumbua majaji kwa kudai sababu, yeye sikumwuliza yake. Siku hizi tukionana ng'ambo ya barabara ananiinamishia kichwa tu, na mimi naitikia kwa kichwa. Namkosa sana. Nimejaribu kuvuka ile barabara nikashindwa.

Halafu ikaja siku ile. Unaikumbuka, ila hukuwahi kujua ilinifanya nini.

Jaji aliagiza katibu wa kamati aje mwenyewe aulizwe juu ya kiapo chake. Akaja, na suti ile ile ya ukumbini, amekonda. Wakili wetu akamwuliza kama bei yetu ilikuwa ya juu kuliko zote. Akakubali. Makaratasi yalitimia? Akazungukazunguka, akakubali. "Basi kwa nini mliwakataa?" Akainama kutazama viatu vyake. Jaji akavua miwani akamwambia ajibu. Akajibu kwa sauti ndogo, na wewe badala ya kunitafsiria ukabaki unamkodolea macho. Nikakupiga kiwiko: anasemaje? Ukasema, "Mama, anasema kitenge."

Nikadhani umechoka. Nikasema, nini?

"Anasema ni kitenge. Kile chenye macho."

Ikatoka yote. Kwamba yule askari wa langoni alikimbia ofisini kuripoti kuwa wanawake watatu wamelifunga jengo kwa vitambaa, mafundo matatu, chenye macho kikiwa chini, na mmoja wao alikuwa anatikisika na kunena maneno yasiyojulikana. Kwamba mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye digrii zake, mzee wa kanisa, aliikataa kalamu. "Mimi nina watoto," alisema, "sitii saini kwenye kitu kilichofungwa namna hiyo." Kwamba wengine walimcheka, lakini kila karatasi ilipofika mbele ya mmoja wao, naye akaisukuma kwa jirani. Wakampa stoo yule mwingine. Na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba kamati ya kaunsili imeogopa uchawi wa kitenge, hawakuandika kitu.

Korti nzima iliangua kicheko. Jaji mwenyewe aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika, kabla ya kugonga meza. Mama Furaha akalia kwa kwikwi, anasema, "Nilikuwa naomba Mungu, mi nilikuwa naomba Mungu tu." Wewe ulikuwa umejiziba mdomo kwa tai ya skuli. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilihisi mwili wote umekuwa mzito, nikatamani kujilaza pale pale kwenye benchi.

Miaka yote ile nilikuwa nimekaza kifua kupokea sababu kubwa. Nilitaka iwe kubwa! Nilitaka chuki, nilitaka rushwa ya kutisha, nilitaka kitu kinacholingana na uchovu wangu. Kumbe ilikuwa sababu ya kumwita mtu dirishani na kumwambia, "Mama, toeni vile vitambaa, vinatutia hofu." Tungevitoa siku hiyo hiyo. Tungewaeleza habari za belo na mafungu, wangecheka, tungecheka nao, na Nnaalongo leo angekuwa bado rafiki yangu.

Kwenye baraza ya korti yule katibu alinifuata. Ulikuwa umeenda kumnunulia Mama Furaha maji, kwa hiyo hili hujalisikia. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Nnyabo, samehe mimi. Sababu ilikuwa kidogo sana, mimi naona haya." Nilikuwa nimeweka matusi ya miaka kwa ajili ya mtu huyu, Mghoi. Nikayatafuta, hayakuja. Nikamwambia, "Na mimi nimechoka, ssebo. Nenda nyumbani."

Tulishinda, kama ujuavyo. Jaji aliufuta uamuzi wao, akasema mwenye mamlaka ya kukataa ana wajibu wa kusema kwa nini, na wakae upya. Wakakaa. Wakatuita tuchukue stoo kwa bei yetu ile ile. Lakini tulioitwa hatukuwa wale watatu tena. Nnaalongo hayupo. Mama Furaha jina lake lilikuwa limetokea kwenye orodha ya wakimbizi wa kupelekwa Kanada, tukamsindikiza Entebbe na masweta ya mitumba niliyomchagulia mwenyewe, yale mazito. Mimi peke yangu nisingeweza hata kodi ya robo ya stoo ile. Nilikwenda nikaitazama mara moja. Ilikuwa imejaa magurudumu ya magari, na paa limeanza kuvuja. Nikarudi kwenye kibaraza changu hiki cha kukodi. Watu wa mtaani huniita mama aliyeishinda kaunsili, nami nachekacheka, kwa sababu kuwaeleza ni kazi.

Sasa nimefika. Nilijua nitazunguka kabla ya kufika, nisamehe.

Wewe unadhani nakukatalia kwa sababu ni kaunsili, na kwamba sitaki damu yangu ikae nyuma ya dirisha lile. Hukuniambia, lakini nilikusikia ukimwambia mwenzako kwa simu, "Mama bado ana kidonda cha ile kesi." Nikakuacha udhani hivyo. Ni sababu yenye heshima zake. Ukiwaambia watu kanisani, watatikisa vichwa na kusema maskini, ana haki. Imevaa tai.

Si kweli. Sina kidonda na kaunsili yoyote. Kusema haki, nilipoona neno zabuni kwenye barua yako ya kazi, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Nikajisemea, afadhali, pale dirishani atakaa mtu mmoja ambaye amewahi kumshika mama yake mkono kortini. Kazi yako sitakufundisha. Siku utakapomrudisha mtu na bahasha yake, na utawarudisha wengi, utajua mwenyewe la kumwambia, na hata kama sababu inakuaibisha utaisema. Hilo sina wasiwasi nalo.

Sababu yangu ni nyingine. Leo asubuhi nilikuwa nakunja sketi zako, nikaikiri moyoni, na haki ya Mungu niliona haya hata peke yangu chumbani.

Naogopa kula peke yangu.

Ndiyo hiyo. Hakuna kubwa nyuma yake, usiitafute. Baba yako alitangulia, Nnaalongo nilimfukuza kwa mdomo wangu, Mama Furaha yuko kwenye baridi huko, na katika mji huu wote hakuna mtu mwingine anayekaa mbele yangu na sahani. Nimefikiria jinsi nitakavyosonga ugali wa posho kidogo kwenye sufuria ndogo, nile nimesimama, nioshe sahani moja. Nikawaza hiyo sahani moja, nikakuambia hapana. Ukaniuliza kwa nini. Ningesemaje? Mwanamke aliyeishtaki kaunsili akashinda, aseme anaogopa sahani? Nikasema, nimesema hapana, basi.

Ni sababu ndogo na naiona haya, kama yule katibu. Wala si sababu ya kumzuia mtu. Yule jaji wetu angeitupilia mbali kabla ya kunywa chai yake, na mimi mwenyewe naitupa hapa. Uliniuliza, nami nimekujibu. Sitaki uende kwenye mji wa watu, ulale huko, uanze kujitafutia sababu zako: kwamba mama hakupendi, kwamba mama hakuamini, kwamba umemkosea mama mahali. Hujanikosea popote. Usije ukajinusa, mwanangu.

Baraka ulizoniomba unazo. Ulikuwa nazo hata nilipokuwa nasema hapana, ila mdomo ulikuwa mzito. Kesho nitakusindikiza mpaka kwenye basi, na nikilia usianze kushuka.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako uikute ukiingia. Ukimaliza kuisoma usije kunikumbatia wala kunipa maneno, nitaaibika. Niko nyuma hapa, nimepika matoke na mchuzi wa karanga. Nawa mikono, njoo ukae. Leo bado tuko wawili.

Mama yako,
Wakesho